Walioganda Vienna, Waliokonda Leningrad

Muziki ulianza saa kumi na mbili na nusu jioni, ukaisha saa nne na nusu usiku. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 22 Desemba 1808, katika ukumbi wa Theater an der Wien jijini Vienna, na ukumbi wenyewe haukuwa na moto wa kuupasha joto. Watu walikaa saa nne katika baridi kali wakisikiliza kazi za mtu mmoja, zikipigwa na okestra ambayo mazoezi yake yalikuwa ya kubabaisha, huku mtunzi mwenyewe akiwa amegombana na sehemu kubwa ya watu waliokuwa jukwaani.

Mtunzi huyo alikuwa Ludwig van Beethoven. Usiku ule ndipo hadhira iliposikia kwa mara ya kwanza Simfonia yake ya Tano, ile inayoanza kwa nota nne ambazo hata asiyejua lolote kuhusu muziki wa klasiki amewahi kuzisikia mahali, labda kwenye tangazo au katuni. Simfonia ya Sita nayo ilitolewa usiku huohuo. Konseto ya Nne ya piano ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza, Beethoven mwenyewe akiwa kwenye kinanda. Juu ya hayo kulikuwa na vipande vya misa, wimbo wa soprano, piano ya kubuni papo hapo, na mwisho kazi ya piano, kwaya na okestra iliyoandikwa mbiombio ili kufungia shughuli. Mpenzi wa leo wa muziki huu angeuza shamba apate tiketi ya usiku kama huo. Waliokuwepo waliganda, wakachoka, na mmoja wao akaandika barua akisema, kwa ufupi, kwamba hata kizuri kikizidi huchosha.

Ukisoma historia ya matamasha makubwa ya muziki wa klasiki utaona jambo la kushangaza kidogo. Mengi ya yale yanayokumbukwa zaidi yalipigwa vibaya, au kwa shida, au mahali pasipofaa. Si ubora wa upigaji ulioyaweka vitabuni. Aliyeyaweka ni msikilizaji: alivyokuja, alivyovumilia, alivyolipuka kwa makofi au kwa matusi, na alivyokwenda kusimulia.

Turudi Vienna. Tamasha la aina ile liliitwa akademia. Mtunzi aliomba ukumbi mwenyewe, akatafuta wapigaji na waimbaji mwenyewe, akauza tiketi, na kilichobaki baada ya gharama kikawa chake. Kumbi nzuri zilipatikana hasa wakati wa Majilio na Kwaresima, opera zinapopumzika. Beethoven alikuwa ameusubiri usiku wake kwa muda mrefu, na alipoupata akataka kumaliza kiu yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana programu ikawa ndefu kama safari ya meli.

Bahati mbaya, jioni ileile kulikuwa na tamasha jingine mjini, katika Burgtheater, la kuwachangia wajane na yatima wa wanamuziki. Wapigaji wazuri wengi walikwenda huko. Waliobaki kwa Beethoven walikuwa mchanganyiko, na wale wenye uzoefu walikuwa na kinyongo naye. Wiki chache kabla ya hapo aliwaudhi wanamuziki katika tamasha jingine kiasi kwamba walikataa kumwona kwenye mazoezi. Basi yeye akawa anakaa chumba cha pembeni akisikiliza kupitia mlangoni, wao wakipiga chini ya Ignaz von Seyfried. Mwimbaji mkuu aliyetarajiwa, Anna Milder, naye alizozana na Beethoven, akajitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na Josephine Killitschky, binti mdogo ambaye hofu ya jukwaa ilimtawala mbele za watu.

Kilele cha balaa kilikuwa ile kazi ya mwisho. Walikuwa wamekubaliana kutorudia kifungu fulani. Beethoven, kwenye piano, akasahau, akarudia. Okestra ikaendelea mbele. Kwa muda fulani pande mbili zilikuwa zinapiga mahali tofauti, kisha muziki ukavurugika kabisa. Beethoven akapaza sauti kusimamisha shughuli, akaamuru waanze upya. Mbele ya hadhira nzima, katika saa ya nne ya baridi.

Tunayajua mengi ya usiku huo kwa sababu ndani ya ukumbi alikuwemo Johann Friedrich Reichardt, mtunzi na mwandishi Mjerumani aliyekuwa akiitembelea Vienna. Alikaa katika kibanda cha Prince Lobkowitz, mfadhili wa Beethoven. Aliona haya kuondoka mapema, kwa sababu kibanda kilikuwa karibu na jukwaa na mwenyeji wake alikuwa mtu mpole. Basi akavumilia mpaka mwisho, na akaandika. Bila uvumilivu wake, na bila kalamu yake, tungebaki na orodha ya kazi zilizopigwa na tarehe basi.

Ni vizuri kukumbuka pia msikilizaji wa 1808 alikuwa katika hali gani. Hakukuwa na santuri, redio wala simu ya kurekodia. Simfonia ya Tano ilipita masikioni mwake mara moja, na huenda asiisikie tena miaka mitano, au asiisikie tena kabisa. Ukiipoteza kwa kusinzia, imepotea.

Na hakukaa kimya. Mtindo wa sasa wa kuketi kama uko msikitini wakati wa hotuba, bila hata kupiga makofi kati ya sehemu moja ya simfonia na nyingine, ulienea baadaye sana katika karne ya 19. Wakati wa Beethoven watu walipiga makofi pale muziki ulipowagusa, na sehemu iliyopendeza iliombwa irudiwe papo hapo. Mtu wa Unguja aliyezoea kunyanyuka katikati ya wimbo kwenda kumtunza mwimbaji wa taarab angejiona yuko nyumbani zaidi katika Vienna ile kuliko katika kumbi za Ulaya za leo, ambako mtu akikohoa anageukiwa na safu nzima.

Ushahidi wa hilo ni tarehe 7 Mei 1824, katika Kärntnertortheater, mji uleule. Beethoven alikuwa hajatokea jukwaani kwa miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa kiziwi kabisa. Simfonia yake ya Tisa, yenye kwaya na waimbaji wanne, ilikuwa imefanyiwa mazoezi kamili mara mbili tu. Kiongozi halisi wa okestra alikuwa Michael Umlauf. Beethoven alisimama karibu naye akitupa mikono, akijaribu kuonyesha mwendo, na Umlauf alikuwa ameshawaonya wapigaji na waimbaji: msimtazame yule, nitazameni mimi.

Watu walishangilia kiasi kwamba ofisa wa polisi alilazimika kupaza sauti kuomba utulivu. Beethoven hakusikia. Alikuwa ameupa ukumbi mgongo, macho yake yakiwa kwenye nota. Caroline Unger, mwimbaji wa miaka ishirini tu, ndiye aliyemgusa na kumgeuza ili aone. Waliposhuhudia kwamba hasikii, watu wakaanza kupunga leso na kurusha mikono hewani, wapate kumpigia makofi ya kuonekana kwa macho. Walioshuhudia wanatofautiana kama hilo lilitokea baada ya sehemu ya pili au mwisho wa simfonia, lakini tukio lenyewe wanaliafiki.

Kuhusu fedha, alivunjika moyo. Baada ya kulipa ukumbi, wanakili wa nota na gharama nyingine alibaki na florini 420. Wakarudia tamasha tarehe 23 Mei. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwa nzuri mno, watu wa Vienna wakaenda zao matembezini, na nusu ya viti ikabaki tupu. Siku 16 tu zilikuwa zimepita tangu zile leso.

Kuna hatari moja katika kuwategemea wasikilizaji, nayo ni kwamba wanapenda kuongeza chumvi. Mfano maarufu ni Paris, tarehe 29 Mei 1913, katika Théâtre des Champs-Élysées, ilipotolewa mara ya kwanza The Rite of Spring ya Igor Stravinsky. Ilikuwa dansi ya baleti, kiongozi wa okestra akiwa Pierre Monteux, na ghasia zilizotokea zinajulikana: kelele, mizomeo, matusi kati ya wanaoipenda na wanaoichukia, Vaslav Nijinsky akisimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwapigia kelele wachezaji wahesabu mapigo, kwa kuwa muziki ulikuwa hausikiki tena. Lakini miongoni mwa walioandika kana kwamba walikuwa katikati ya vurugu zile, wamo walioingia ukumbini usiku wa pili. Mmoja ni Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyeishi Paris. Kila mtu alitaka ionekane alikuwepo. Mwaka uliofuata, Aprili 1914, muziki uleule ulipigwa Paris bila wachezaji, na safari hii mashabiki walimbeba Stravinsky mabegani. Sijui kwa nini usiku huo wa ushindi hausimuliwi sana kama ule wa vurugu. Au labda najua: ugomvi ni mtamu kuusimulia.

Yapo pia matamasha ambayo uzito wake ulitokana na mlango uliofungwa. Mwaka 1939 mwimbaji Marian Anderson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito ya kontralto iliyokwisha kutikisa Ulaya, alitaka kuimba mjini Washington. Ukumbi mkubwa kuliko zote, Constitution Hall, ulimilikiwa na chama cha akina mama waliojiita Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, na chama hicho kilikuwa na sharti kwamba wasanii wote wa pale wawe weupe. Wakamkatalia. Eleanor Roosevelt, mke wa rais na mwanachama wao, akajiuzulu uanachama. Waziri wa mambo ya ndani, Harold Ickes, akafungua uwanja mwingine: ngazi za mnara wa kumbukumbu ya Abraham Lincoln, hewani, bila tiketi.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, walifika watu wapatao 75,000, weusi na weupe wakiwa wamechanganyika, na mamilioni wengine walisikiliza redioni. Kulikuwa na baridi, na Anderson aliimba akiwa amevaa koti la manyoya, Mfini Kosti Vehanen akimpigia piano nje pale. Aliimba wimbo wa kizalendo, wimbo wa opera wa Donizetti, Ave Maria ya Schubert, kisha nyimbo za kiroho za watu weusi. Haikuwa hali nzuri kwa sauti ya mwimbaji: hakuna kuta za kuirudisha, kuna upepo, kuna vipaza sauti vya zama zile. Hakuna aliyelalamika. Miaka mitano baadaye kijana wa miaka 15 huko Georgia, jina lake Martin Luther King, aliitaja siku hiyo katika hotuba ya mashindano ya shule. Anderson mwenyewe alisubiri hadi Januari 1955 ndipo akaimba katika opera ya Metropolitan, New York, mtu mweusi wa kwanza kuimba pale kama mhusika wa jukwaani. Alikuwa na umri wa karibu miaka 58, sauti ikiwa imeshapita ubora wake.

Lakini tamasha ninaloliweka juu ya yote ni la Leningrad.

Mji huo, ambao leo umerudia jina la St. Petersburg, ulizingirwa na majeshi ya Hitler tarehe 8 Septemba 1941. Mzingiro ulidumu mpaka tarehe 27 Januari 1944. Reli zilikatwa, barabara zikakatwa, na chakula kikaanza kupimwa kwa gramu. Kuanzia tarehe 20 Novemba 1941, wafanyakazi wa maofisini, watoto na wategemezi walipata gramu 125 za mkate kwa siku. Mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Ulijazwa makapi na vitu vingine ambavyo siku za kawaida binadamu hali. Mabomba ya maji yaliganda, umeme ukakatika, watu wakaanguka barabarani na kufia hapohapo. Mpaka mzingiro unakwisha, walikuwa wamekufa raia zaidi ya laki sita, na makadirio mengi yanakaribia au kupita milioni.

Redio ndiyo iliyobaki kuwaunganisha, kupitia vipaza sauti vilivyofungwa majumbani na mitaani. Pasipokuwa na kipindi, redio ilirusha mlio wa metronomu, kile kifaa cha wanamuziki cha kupimia mwendo: tik, tik, tik. Mlio wa taratibu ulikuwa salama. Ukienda mbio, ndege za adui zimekuja. Kwa hiyo kwa majira yote ya baridi mji mzima uliishi ukisikiliza chombo cha muziki kisicho na muziki.

Dmitri Shostakovich alikuwa mzaliwa wa mji huo. Alianza kuandika Simfonia yake ya Saba pale pale, kiangazi cha 1941, huku akijitolea katika kikosi cha zimamoto juu ya paa la chuo cha muziki. Oktoba serikali ilimtoa mjini kwa ndege, na akaimalizia Kuibyshev mwezi Desemba. Ilipigwa huko kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1942. Nota zikapigwa picha kwenye filamu ndogo, zikasafirishwa kupitia Tehran na Cairo, na Julai 19 Arturo Toscanini akaiongoza New York, redio ikiirusha Marekani nzima. Dunia ilikuwa imeshaisikia simfonia ya Leningrad. Leningrad yenyewe bado.

Okestra kuu ya mji, ya Yevgeny Mravinsky, ilikuwa imehamishiwa Novosibirsk, mbali na vita. Iliyobaki ni okestra ya redio, ambayo watu waliiona ya daraja la pili, chini ya kiongozi aliyeitwa Karl Eliasberg. Mtu mwenyewe alikuwa mkali, mwenye kushika sana saa, na njaa ilikuwa imemlegeza kiasi cha kukokotwa kwa kisleji kama mzigo. Mwishoni mwa Machi 1942 redio ilitoa wito: mwanamuziki yeyote aliye hai na ajitokeze. Siku ya mazoezi ya kwanza walifika kama kumi na watano. Ilipofika zamu ya mpiga tarumbeta kupiga peke yake, alishindwa. Hakuwa na pumzi. Mazoezi yaliyopangwa kuchukua saa kadhaa yalikwisha kwa dakika chache.

Sasa fikiria kazi iliyokuwa mbele yao. Simfonia ya Saba inachukua zaidi ya saa moja na robo, na inataka wapigaji wapatao mia, wakiwemo wa pembe nane, tarumbeta sita na tromboni sita. Vyombo vya kupuliza vinakula pumzi, na pumzi inataka chakula. Nota ziliingizwa mjini kwa ndege, zikanakiliwa kwa mkono. Jeshi likaombwa watu, na wapigaji wa bendi za kijeshi wakatoka vitani na vyombo vyao. Posho ya chakula iliongezwa kidogo kwa walioingia okestra, na Eliasberg aliitumia kama fimbo: ukichelewa, ukipiga ovyo, posho yako iko hatarini. Inasimuliwa kwamba mmoja alichelewa kwa kuwa alitoka kumzika mkewe, na hata yeye hakusamehewa. Unaweza kumlaumu Eliasberg kwa hilo. Mimi nashindwa. Angeanza kuruhusu sababu, katika mji ambao kila mtu alikuwa na maiti wa kuzika, asingebaki na okestra.

Kuna simulizi la Ksenia Matus, mpiga obo, ambalo linasema zaidi kuliko takwimu. Chombo chake kiliharibika kwa unyevu na kukaa bila kutumiwa, akakipeleka kwa fundi. Alipouliza bei, fundi alitaka alipwe paka. Si kwa ajili ya kufuga.

Watatu kati ya wanamuziki walikufa kabla ya siku yenyewe. Simfonia nzima, mwanzo hadi mwisho, waliipiga mazoezini mara moja tu, siku tatu kabla, kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kurudia.

Tamasha likapangwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1942, katika ukumbi mkuu wa Filhamonia. Watu husema siku hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa Hitler alikuwa ameiweka kuwa siku ya karamu yake ya ushindi katika hoteli ya Astoria mjini humo. Hadithi hiyo imekaa vizuri mno, na hadithi iliyokaa vizuri mno mimi huipokea kwa mkono mmoja. Isiyo na shaka ni mizinga. Jenerali Leonid Govorov aliamuru ngome za Wajerumani zipigwe mabomu mfululizo kabla ya muziki kuanza, ili mizinga yao ikae kimya jioni ile. Ikakaa kimya. Vipaza sauti vikaelekezwa mitaani, na vingine upande wa mahandaki ya adui, naye asikie.

Ndani ya ukumbi taa zote kubwa ziliwashwa, jambo ambalo watu walikuwa wamelisahau. Walikuja wamevaa nguo zao nzuri za kabla ya vita, na nguo zikawapwaya, kwa kuwa miili iliyokuwa ikizijaza haikuwepo tena. Eliasberg alivaa koti rasmi la kiongozi wa okestra, nalo likaning'inia juu yake. Baadhi ya wapigaji walivaa makoti mazito na glavu zilizokatwa vidole. Ilikuwa Agosti, kiangazi. Ila mwili uliokonda kiasi kile hausikii kiangazi.

Walipiga. Walikosea hapa na pale, bila shaka. Nani angetegemea vinginevyo? Waliokuwepo wamesimulia kwamba kuelekea mwisho baadhi ya wapigaji walianza kuishiwa, na hadhira ikasimama wima, kana kwamba inawaambia msianguke sasa. Makofi yakaendelea muda mrefu. Msichana mdogo akampelekea Eliasberg shada la maua mabichi, katika mji ambao kila kipande cha udongo kilikuwa kimelimwa kabichi na viazi.

Wataalamu wa muziki wamebishana miaka mingi kuhusu simfonia hiyo: wengine wanaiona kubwa, wengine wanaiona ndefu na yenye kelele za propaganda, wengine wanasema Shostakovich alikuwa akimlilia Stalin na wahanga wake pamoja na wa Hitler. Wabishane. Ubishi huo hauwahusu waliosimama tarehe 9 Agosti. Mzingiro ulikuwa umebakiza karibu mwaka na nusu, nao walikuwa wametoka kusikia, kwa masikio yao, kwamba mji wao bado una okestra.

Eliasberg hakulipwa fadhila alizostahili. Vita vilipokwisha, Mravinsky na okestra yake kuu walikuwa wamesharudi, na kiongozi wa siku za njaa akawekwa kando, akizunguka kuongoza okestra za mikoani. Tarehe 27 Januari 1964, miaka ishirini kamili baada ya mzingiro kuvunjwa, waliwaita tena wanamuziki wa 1942. Wakapatikana 22. Waliipiga simfonia ileile katika ukumbi uleule, na Shostakovich alikuwa ameketi miongoni mwa wasikilizaji. Eliasberg alifariki mwaka 1978.

Mtu anaweza kudhani habari hizi ni za Wazungu na za zamani. Kinshasa inambishia. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekosa kazi na mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya simfonia ndani ya kanisa la Kikimbangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajasomea muziki huo. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko fidla, wakapokezana: huyu akimaliza zamu yake anampa mwenzake. Uzi wa fidla ukikatika na hakuna wa kununua, waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi. Nota zilinakiliwa kwa mkono, kama Vienna, kama Leningrad. Filamu ya 2010, Kinshasa Symphony, inawaonyesha wakijiandaa na Simfonia ya Tisa ya Beethoven: mchana wakiwa wauzaji, mafundi umeme na vinyozi, jioni wapigaji. Umeme unakatika, wao wanaendelea.

Na sisi wa pwani tuna rekodi yetu ya kulinda. Ikhwani Safaa ya Unguja, kikundi cha taarab chenye fidla, udi na kanuni, kilianzishwa mwaka 1905, miaka minane kabla ya zile vurugu za Paris. Ni zaidi ya karne ya usiku wa muziki, na kila usiku ulikuwa na akina Reichardt wake: mtu aliyekaa karibu na jukwaa, akaona nani kagombana na nani, wimbo gani uliombwa urudiwe, nani alinyanyuka kwenda kutunza hata mfuko ukabaki mtupu. Kama mzee wa namna hiyo yupo nyumbani kwenu, awe wa taarab, wa beni au wa kwaya ya kanisani, usingoje. Kaa naye, muulize, andika, na uweke tarehe.